Tovuti Iliyosubiri Mkasi

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumatatu ya tarehe nne Machi, tovuti ya kituo cha Sema Tena ilifunguka kwa mara ya kwanza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ilichukua sekunde nne. Simu ilikuwa ya Bi Mwanamvua Chande, mwanzilishi wa kituo, na aliyesimama nyuma yake akihesabu sekunde ni Gideni Mpalule, fundi aliyeitengeneza.

"Nne," alisema Gideni. "Ingefika sita ningeiondoa picha."

Picha ilikuwa moja tu, ya mlango wa kituo: mlango wa bluu, ngazi mbili na ndoo ya kunawia mikono. Bi Mwanamvua alikuwa amependekeza jua linalochomoza, au mikono ya watu wengi iliyoshikana. Gideni alikataa kwa upole. Alimweleza kwamba mtu anayeifungua tovuti hiyo ana mgonjwa pembeni yake na kidole kimoja tu kilicho huru. Hahitaji kuonyeshwa jua. Anataka kujua hawa ni akina nani, wanafanya nini, wako wapi, na akifika autambue mlango.

Kwa hiyo juu kabisa paliandikwa: "Tunawafundisha kusema tena watu waliopoteza usemi kwa kiharusi." Chini yake namba ya simu, tarakimu sita, kubwa kama za bango la duka. Chini ya namba: "Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa. Usisubiri. Piga leo." Kisha ule mlango, kisha maelezo ya mambo yatakayofanyika siku ya kwanza, na mwisho ushuhuda mmoja, wa Mzee Lihami, fundi cherehani. Mzee Lihami alikaa kimya miezi mitano, halafu akasema: "Mke wangu anaitwa Hadija." Gideni aliuacha ushuhuda hivyohivyo.

"Ndiyo yote?" aliuliza Bi Mwanamvua.

"Ndiyo yote. Ukiongeza kitu juu, kuna kitu kitashuka chini."

Kabla ya tovuti, kituo kilikuwa kikipigiwa simu na watu wapya wawili kwa mwezi. Katika siku tisa za kwanza walipiga kumi na mmoja. Saba walifika, na kati ya hao wanne walikuwa hawajamaliza mwezi tangu waugue. Bi Mwanamvua alikuwa muuguzi kwa miaka ishirini na sita, na alijua vizuri hao wanne maana yake nini.

Hesabu hiyo ikiwa bado inapanda, kwa furaha yake alifanya mambo mawili. La kwanza, alikwenda hospitalini akakusanya vile vikaratasi vya zamani ambavyo manesi waliwapa ndugu wa wagonjwa, vyenye namba ya kituo kwa kalamu ya wino, akavitupa. Mahali pake aliweka kadi ngumu, zinazong'aa, zenye jina la kituo na anwani ya tovuti. Namba hakuiweka. Ingejaza kadi, na isitoshe ilikuwemo kwenye tovuti.

La pili, aliomba uzinduzi.

*

Msomaji ambaye hajawahi kufika nchi hii anahitaji kuelezwa jambo ambalo wenyeji hawalielezi, kwa kuwa hawaoni kama lina ajabu. Hapa hakuna kitu kinachotumika kabla ya kuzinduliwa. Daraja la Mto Sengo lilikamilika miaka mitatu iliyopita, na watu huvuka mto chini yake, suruali zimekunjwa hadi magotini, kwa utaratibu mzuri, huku askari wawili wakiulinda utepe juu. Wodi ya wazazi ya Hospitali Kuu ilikaa miezi kumi na minne na vitanda vyake vikiwa bado kwenye nailoni. Akina mama walijifungulia kwenye ukumbi wa nje, hatua tatu kutoka mlangoni, na vyeti vya watoto hao vina muhuri usemao "Kabla ya Uzinduzi", ambao umewasumbua kidogo wakati wa kuandikishwa shule. Waziri mmoja mstaafu, mtu mwangalifu, alizindua kaburi lake mwenyewe akiwa na afya njema, ili siku ikifika asicheleweshwe.

Wizara ya Uzinduzi ndiyo kubwa kuliko zote. Ina Kurugenzi ya Utepe, Kurugenzi ya Mawe ya Msingi, Idara ya Vigelegele na Kitengo cha Mikasi. Wizara ya Afya imepewa vyumba viwili kwenye ghorofa yake ya chini, na inashukuru.

Sheria yenyewe ni fupi, na ukiisoma kwa utulivu utakuta ina mantiki. Kitu ambacho hakijaombewa uzinduzi, serikali haikijui, na kisichojulikana hakiwezi kuvunja sheria. Kinaweza kutumika hata miaka hamsini. Kikiombewa tu, kinaanza kuwepo. Kikishakuwepo bila kuzinduliwa, lazima kifungwe. Ndiyo maana visima vingi vya nchi hii, na njia za miguu, na ndoa kadhaa, vinakwenda vizuri tu: hakuna aliyeviombea.

Bi Mwanamvua aliijua sheria hii. Jambo hili linatajwa mapema kwa sababu baadaye yeye mwenyewe angependa lisitajwe.

*

Sababu ya ombi ilikuwa na urefu wa sentimita sitini na upana wa arobaini. Ni picha iliyotundikwa ofisini kwa Bi Ansila Komba, mkuu wa kituo cha Tembea Tena, ng'ambo ya barabara. Ndani yake Bi Ansila ameshika sinia lenye mto mwekundu, juu ya mto pana mkasi, na kando yake Waziri anacheka. Bi Ansila na Bi Mwanamvua walisoma uuguzi darasa moja. Katika mtihani wa mwisho Bi Mwanamvua alimzidi mwenzake kwa alama tisa. Picha haikuonyesha hilo.

Gideni alipoikuta fomu mezani aliisoma kurasa zote saba, akasimama nayo mkononi.

"Bi Mwanamvua, watu wameshaingia. Utaizinduaje nyumba yenye watu ndani?"

"Jambo jema linataka heshima yake."

"Simu ikiita, unataka heshima gani nyingine?"

Bi Mwanamvua alimjibu kwamba yeye ni fundi, na yapo mambo ambayo mafundi hawayaoni. Gideni alichomeka kalamu mfukoni. Aliuliza tu, endapo itabidi wafunge, watafunga kwa muda gani. Bi Mwanamvua alisema wiki mbili, kama Bi Ansila. Hakuwa amemuuliza Bi Ansila. Alipokuja kumuuliza, aliambiwa miezi mitano.

*

Jumatano ya tarehe kumi na tatu Machi, saa nne kasoro, alifika Bwana Fikirini Mtopa, Afisa Uzinduzi Daraja la Pili, na futi ya kupimia, muhuri, na tabasamu la mtu anayependa kazi yake. Alimpongeza Bi Mwanamvua kwa dakika sita. Alisema kituo chake ni tochi, ni nguzo, ni mbegu. Kisha akaomba aonyeshwe tovuti.

Akapewa simu. Aliitazama, akaigeuza, akatazama mgongo wake.

"Mlango wake uko wapi?"

Gideni alisema tovuti haina mlango. Bwana Fikirini aliandika: Haina mlango. Aliuliza urefu. Gideni alimwambia inategemea simu. Bwana Fikirini akapima simu, akaandika sentimita kumi na nne. Aliuliza jiwe la msingi litakaa upande gani. Hapo Gideni alikwenda dirishani na kutazama nje kwa muda.

"Na tangu lini ipo wazi?"

"Siku tisa," alisema Bi Mwanamvua.

Bwana Fikirini aliiweka kalamu chini. Hakukasirika. Alionekana kama daktari mwenye majibu ya maabara. Alisema siku hizo tisa anazisamehe kwa niaba ya serikali, maana zilipita tovuti ikiwa haipo. Lakini sasa imeombewa.

"Na watu wanaotutafuta?"

"Wataikuta, Mama. Hatuifuti, tunaifunga." Akatamka maneno ya kuandikwa, pole pole ili Gideni asikose herufi: "Tovuti hii ipo, ila bado haijazinduliwa. Wananchi mnaombwa kuwa na subira."

Gideni aliuliza kama namba ya simu inaweza kubaki chini ya tangazo hilo. Bwana Fikirini alilifikiria swali kwa uaminifu. Akasema namba ni sehemu ya tovuti, na kutumia sehemu kabla ya kitu kizima ni sawa na mtu kutembea juu ya ubao mmoja wa daraja. Mfano huo ulimpendeza, akauandika kwenye daftari lake.

Fomu ilikuwa bado haijagongwa muhuri. Bila muhuri ilikuwa karatasi tu, na ingeweza kufungiwa karanga. Bwana Fikirini aliupulizia muhuri pumzi ili wino uamke, akauinua, akauliza kama taratibu zinavyotaka:

"Niendelee, Mama?"

Gideni alimtazama Bi Mwanamvua. Bi Mwanamvua alitazama ukuta, juu ya kabati, ambapo tangu Jumapili alikwisha kupigilia msumari.

"Endelea," alisema.

*

Siku zilizofuata majirani walimpa pole. Neno lililozunguka mtaani ni kwamba Sema Tena wamefungiwa, na Bi Mwanamvua mwenyewe alilitumia. Tumefungiwa, alisema sokoni. Tumefungiwa, aliwaambia wauguzi wenzake wa zamani. Halikuwa neno la uongo, lakini halikumtaja mtu. Jirani mmoja alimletea sahani ya mandazi kwa uchungu wa dhuluma aliyotendewa. Aliyapokea. Aliyala yote manne.

Simu ya kituo ilirudi kwenye watu wawili kwa mwezi. Mwezi wa Aprili alipiga mmoja tu.

Siku ya ishirini aliandika barua ya kulifuta ombi. Bwana Fikirini alikuja mwenyewe kumjibu, kwa heshima. Alieleza kwamba kufuta ombi ni tendo rasmi, na tendo rasmi lina hafla yake. Waziri huja, hukata utepe mweusi, na ombi huhesabiwa kufutwa.

"Ila sikushauri, Mama. Foleni ya ufutaji ni ndefu kuliko ya uzinduzi. Watu wengi hujuta."

Wakati huohuo tovuti, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuiona, ilikuwa inakua. Kwanza zililetwa salamu za Waziri, pamoja na picha yake. Kisha salamu za Naibu Waziri, ambaye picha yake ilipimwa kwa rula ili isizidi ya Waziri. Kisha Katibu Mkuu, Mkuu wa Mkoa, na Msimamizi wa Kitengo cha Mikasi, aliyeandika kurasa mbili kuhusu chuma. Zote zilipaswa kukaa juu. Sentensi isemayo "Usisubiri" ilionekana kupingana na tangazo la serikali lililowaomba wananchi wawe na subira, ikaondolewa. Gideni alikuwa akipima kwa kidole gumba: siku ya kwanza namba ya simu ilionekana bila kusogeza chochote. Mwisho wa Mei ilihitaji kusogeza mara ishirini na tatu.

Kila badiliko lilikuja na mahali pa sahihi. Bi Mwanamvua alitia sahihi mara kumi na moja. Zipo.

Badiliko la mwisho lilihusu ushuhuda. Ili ubaya wake ueleweke, ni lazima kulijua zoezi la kwanza la Sema Tena. Mgonjwa hapewi maneno ya kukariri. Anasaidiwa kutafuta sentensi moja fupi iliyo kweli. Leo ni Jumanne. Chai ni ya moto. Wengine huanza na kuhesabu. Kwa miaka kumi na tatu Bi Mwanamvua ameandika kwenye daftari lake nini kilitoka kwanza mdomoni kwa kila mtu, na daftari linaonyesha kwamba jambo la kweli hutoka mapema kuliko jambo zuri.

Wizara iliona kwamba "Mke wangu anaitwa Hadija" ni taarifa ya kifamilia. Ikaleta ushuhuda mwingine wenye maneno arobaini na matatu, ulioanza na "Namshukuru kwa dhati Mheshimiwa Waziri kwa kunirejeshea sauti", na ikaagiza Mzee Lihami ausome mwenyewe siku ya hafla. Bi Mwanamvua alitia sahihi hapo pia. Kisha alikaa na Mzee Lihami wiki tano, saa moja kila siku, wakiyafanyia mazoezi maneno hayo. Mzee Lihami, mtu mwenye subira, alijitahidi. Kwenye daftari, ukurasa wake wa wiki hizo tano hauna sentensi mpya hata moja.

*

Uzinduzi ulifanyika Alhamisi ya tarehe ishirini Juni, siku ya tisini na tisa tangu tovuti ifungwe. Tatizo la mlango lilikuwa limepatiwa ufumbuzi. Ukurasa wote ulichapwa kwenye turubai la mita sita kwa nne, likatundikwa ukutani mwa kituo, utepe ukakatiza mbele yake. Mlango wa bluu wa kwenye picha ulining'inia juu ya mlango wa bluu wenyewe na kuuziba, hata wageni wakawa wanaingilia dirishani. Chini, mahali palipokuwa na namba ya simu, Idara ya Mapambo ilipanga vyungu kumi vya maua.

Waziri, Mheshimiwa Tindwa Kasoga, aliyetarajiwa saa nne, aliwasili saa saba. Alihutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "zamani tulikuwa nchi isiyo na tovuti hii. Leo tunayo. Na kesho, Mungu akipenda, tutakuwa na umeme wa kuifungulia."

Akasimulia safari zake za nje, ambako ameona tovuti nyingi lakini hakuona hata moja yenye jiwe la msingi. Akaukata utepe. Bi Mwanamvua alikuwa ameshika sinia, mto mwekundu juu yake, na mpiga picha akamwomba atabasamu. Alitabasamu.

Kisha akaitwa Mzee Lihami. Alisimama katika suti aliyoishona mwenyewe, karatasi mkononi.

"Namshukuru," alisema.

Watu wakangoja.

"Nam... na..." Jasho lilianza kumtoka kwenye nywele. Aliitazama karatasi kama mtu anayetazama nguo iliyokatwa vibaya. Akamtazama Bi Mwanamvua, na Bi Mwanamvua akatazama sinia. Mwishowe Mzee Lihami aliikunja karatasi, akainua kichwa.

"Leo ni Alhamisi," alisema, wazi kabisa, na akaketi.

Waziri ndiye aliyeanza kupiga makofi. Mshereheshaji aliwafafanulia wananchi kwamba mzee amesema siku hii haitasahaulika. Ukweli ni kwamba ilikuwa Alhamisi.

Kabla ya kuondoka Waziri alisomewa takwimu, naye akazirudia kwa kipaza sauti: katika siku tisini na tisa ambazo tovuti ilikuwa imefungwa, ilitembelewa mara mia sita na arobaini. Wananchi, alisema, waliipenda hata kabla haijafunguliwa. Bwana Fikirini, aliyekuwa karibu, aliandika kwenye daftari pendekezo la kuzifunga tovuti zote nchini ili ziongeze wageni.

*

Viti vilipokuwa vinakusanywa, Gideni alimpa Bi Mwanamvua karatasi moja. Ilikuwa orodha ya zile mara mia sita na arobaini, kwa tarehe na saa. Nyingi zilikuwa za kupita tu, mtu anaingia mara moja au mbili, anasoma tangazo, anatoka, harudi. Mstari mmoja Gideni alikuwa ameuzungushia wino.

"Hii ni simu moja," alisema. "Mara tisini na mbili. Tangu tarehe ishirini Machi hadi jana, kila siku, saa moja na dakika chache asubuhi."

"Labda ni mtoto anachezea."

"Mtoto hachezi saa ileile siku tisini na mbili, Bi Mwanamvua."

Gideni alikunja mikono ya shati. Alikwenda kuondoa vyungu vya maua, kimoja baada ya kingine, hadi namba ikaonekana.

*

Ijumaa, tarehe ishirini na moja Juni, saa moja na dakika thelathini na mbili asubuhi, simu ya kituo iliita. Ilikuwa sauti ya mwanamke, naye hakuanza na salamu.

"Nimewapata?"

Jina lake ni Mwasiti Ngwele, wa mji wa Mlengu, mwendo wa saa mbili kwa gari. Alikuwa ameifungua tovuti saa moja na dakika sita. Alizisoma salamu zote tano, hadi ile ya chuma, akidhani namba imetiwa ndani ya mojawapo. Mume wake, Hambali, alipatwa na kiharusi tarehe kumi na mbili Machi. Hajasema tangu siku hiyo.

Bi Mwanamvua hakuhitaji kalamu. Siku mia na moja.

Alifika Mlengu saa nne. Hambali alikuwa kwenye kiti cha mikono, karibu na dirisha, amenyolewa vizuri. Kwa miaka ishirini na moja alikuwa mnadi wa mnada wa ng'ombe wa Mlengu, na watu wanasema alijua kumsifia fahali hata mwenyewe akajuta kumleta. Alimtazama mgeni kwa macho makali yenye akili zote ndani yake.

Mwasiti alisimulia huku akimimina chai. Nesi alimpa kadi siku ya kutoka hospitalini. Aliifungua tovuti kesho yake, akakuta tangazo. Mwezi wa Aprili alirudi hospitalini kuulizia namba, akapewa kadi nyingine ileile, akaambiwa namba ipo kwenye tovuti. Mwezi wa Mei alirudi tena, akapewa ya tatu. Zote tatu alikuwa amezibana chini ya kopo la sukari, akazitoa akazionyesha. Zilikuwa bado zinang'aa. Basi akawa kila asubuhi, akishamnywesha mumewe uji, anafungua kutazama.

"Kila siku namwambia, leo watazindua."

Bi Mwanamvua alifanya kazi na Hambali kwa saa nzima. Picha ya kikombe: hakuna. Picha ya ng'ombe: hakuna. Jina la mkewe: hakuna. Siku za wiki: hakuna. Kuhesabu moja hadi kumi, pole pole, wakipiga vidole mezani: hakuna. Aliyaandika yote.

Mwasiti alikuwa anafuatilia kila mstari.

"Angeanza Machi, ingekuwa tofauti?"

Swali hilo Bi Mwanamvua ameulizwa na ndugu wengi, na analo jibu lake laini, alilolitengeneza zamani. Hakulitumia.

"Ndiyo," alisema. "Kwa kiasi gani, sijui. Lakini ndiyo."

Mwasiti alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Serikali hii, dada. Kuwafungia watu wanaosaidia wagonjwa. Na nyinyi mngefanya nini?"

Pole ile ilikuwa tayari, imeandaliwa kwa wema, na ilihitaji tu kupokelewa. Bi Mwanamvua, ambaye amewafundisha watu mia mbili na kumi na wawili kusema, alifungua mdomo, akaufunga. Nje mtu alipita na baiskeli yenye kengele. Akaufungua tena.

"Hawakutufungia," alisema. "Niliomba mimi."

Mwasiti aligeuka, chupa ya chai mkononi.

"Ilikuwa wazi. Ilikuwa inafanya kazi. Nikaomba izinduliwe, na nilijua itafungwa. Nilitaka kupiga picha na Waziri."

Mwasiti aliiweka chini chupa ya chai. Alichukua kitambaa akafuta meza, mahali ambapo hapakuwa pamemwagika kitu, akaendelea kupafuta. Hakupaza sauti. Alipomaliza alichukua kadi moja kati ya zile tatu, akaigeuza upande mweupe, akaisukuma mbele ya mgeni pamoja na kalamu.

"Andika namba."

"Unayo sasa kwenye simu."

"Andika."

Bi Mwanamvua aliandika tarakimu sita, kwa wino, kubwa. Mwasiti aliichukua kadi, akaisoma kwa sauti kavu, kama mtu anayemhakiki mwenzake ambaye hamwamini tena.

"Saba. Sifuri. Nne. Mbili. Mbili. Tisa."

Akairudia ili awe na hakika, safari hii kwa nguvu zaidi, akiwa amempa mgeni mgongo.

"Saba. Sifuri. Nne."

"Nne," alisema Hambali, kutoka dirishani.

Bi Mwanamvua alitazama saa. Ilikuwa saa tano na dakika kumi na nane. Mwasiti hakugeuka kumwangalia mgeni. Alisogeza kiti hadi karibu na dirisha, akaishika kadi mbele ya macho ya mumewe, na akaanza upya kwenye saba.